Mapunye ya Miyuji

Jumapili, 12 Januari

Vichwa arobaini na kimoja tangu asubuhi! Mkono wangu wa kulia bado unatetemeka kama umeshika mashine. Shule zinafunguliwa kesho, na kila mwaka ni yale yale: wazazi wa Miyuji wanakaa na watoto wenye vichaka kichwani mwezi mzima, halafu Jumapili ya mwisho wote wanakumbuka kwa pamoja kwamba mwalimu anataka kipara. Foleni ilifika hadi kwa fundi cherehani. Yudith, binti wa jirani yangu Hilda, alikaa kwenye benchi tangu saa nne akinihesabia vichwa kwa sauti. Ana miaka minane na domo la mtu wa sitini. Nilipomnyoa yeye alisema, "Bibi, mimi ni wa ishirini na sita, usije ukanisahau kwenye hesabu."

Kazi hii ilikuwa ya marehemu mume wangu, Athuman. Mimi nilikuwa nafagia nywele tu. Alipofariki, mwanangu Mudrick alitaka niuze mashine nikakae kwake Mwanza. Nikamwambia sitaki kuzeekea kwenye kochi la mkwe wangu nikitazama tamthilia. Wanaume wazima hawataki kunyolewa na mwanamke, sawa, wabaki na midevu yao. Watoto wanakuja.

Na mimi ni msafi, sijisifu. Mashine naifuta kwa spiriti kila kichwa, kama Athuman alivyonifundisha. Yule kijana Elisha aliyefungua saluni mpya karibu na kituo, sijui hata kama spiriti anaijua. Nikimaliza kichwa nachukua brashi ya marehemu, ile laini yenye mpini mweusi, napangusa nywele kisogoni na shingoni, basi, mtoto anashuka. Brashi hiyo siioshi. Bado ina harufu ya poda yake. Jioni nikishafunga fremu yangu ya kunyolea najipitishia shingoni mara moja tu, kisha natia kufuli. Ujinga wa mjane, najua.

Zamani siku yangu nilikuwa namsimulia Athuman. Sasa naliandikia daftari. Daftari halikoromi, lakini halijibu pia.

Jumanne, 14 Januari

Mvua. Hakuna mteja. Yudith alipita kutoka shule akala kiporo changu cha ugali na mlenda, akaondoka.

Jumamosi, 1 Februari

Yudith ana alama kisogoni, duara ukubwa wa kifuniko cha soda. Nywele zimeanza kuota kichwa kizima isipokuwa hapo. Pana magamba meupe na nywele zimekatika kwenye ngozi, vimebaki vidoti vyeusi. Nilimwambia mama yake, "Mama Yudith, haya mapunye."

Hilda akacheka. "Mama Mudrick, nani hajawahi kuwa na mapunye? Nitampaka kitunguu saumu."

Jumatano, 5 Februari

Leo nimeona wengine sita. Mama zao walisimama kwenye fremu wakiwa wamewashika watoto vichwa kama wanaonunua matikiti. Kila mmoja ana dawa yake: majivu, mafuta ya taa, mwingine amemkwangua mtoto kwa wembe hadi damu. Kisha mmoja wao akauliza, "Sasa haya yametoka wapi, Mama Mudrick?" Wote wakanitazama.

Nikasema, "Mimi spiriti kila kichwa, mnaniona. Kamuulizeni Elisha na lile taulo lake moja. Watoto anaowanyoa yeye ndio wanaokaa dawati moja na wenu."

Nilisema hivyo. Wakaguna, wakakubali, wakaondoka wakiwa wameridhika. Na mimi niliridhika.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua tangu alfajiri. Mudrick alipiga simu, akauliza nimekula nini, akakata kabla sijajibu vizuri.

Jumapili, 16 Februari

Elisha alikuja kwenye fremu yangu. Sikuwahi kumwona kwa karibu. Ni kijana mwembamba, kwao Kongwa, anaongea kwa upole hadi inabidi umsogelee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, wazazi wanasema mimi ndiye ninayewapa watoto mapunye. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mkubwa kwenye kazi. Nifanyeje?"

Hakujua kwamba maneno yale yametoka kwangu! Angejua angenitukana, ningepata pa kushika. Nikamwambia achemshe taulo zake, atumie spiriti. Akasema taulo huwa anachemsha. Akatoa kalamu akaandika mkononi "spiriti ya kutosha", akashukuru. Nilitaka ardhi inimeze, lakini nilijiambia: labda kweli ni yeye. Watoto anaowanyoa yeye pia wanayo, wameonekana.

Jumatatu, 24 Februari

Saluni ya Elisha imefungwa. Wanasema juzi Hilda alimkuta kituoni akamtukana mbele za watu, akamwita mchafu, muuaji wa watoto. Hilda mwenyewe amenisimulia kwa fahari. "Nimemnyoosha," alisema.

Jumapili, 2 Machi

Siku ya kwanza ya mfungo. Nimefuturu peke yangu, uji wa uwele na tende tatu. Athuman alikuwa na tabia ya kunisogezea tende kubwa huku akijifanya haoni. Leo nilijisogezea mwenyewe, nikalia kidogo, nikala.

Shingo inaniwasha upande wa kushoto. Joto la ushungi hilo.

Jumanne, 4 Machi

Si joto. Nimejitazama kwenye kioo: duara, kingo zimeinuka na nyekundu, katikati kumetulia. Duka la vipodozi wameniuzia krimu ya mchanganyiko, ile ile wanayojipakia wasichana wanaotaka weupe. Muwasho umekata hapo hapo. Namshukuru Mungu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ni siku ndefu. Niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi nilisikia Yudith akilia upande wa pili wa ukuta, kilio kile cha mtoto aliyekwisha kuchoka kulia. Nikaenda. Kisogo kilikuwa kimevimba, kinene na laini kama andazi lililoloa, usaha unatoka kwenye vitundu. Homa kali. Hilda alikuwa amewasha moto, na wembe mpya uko kwenye sahani.

"Ni jipu," alisema. "Nalipasua, uchafu utoke."

"Mama Yudith, weka huo wembe chini."

"Kwani ni mtoto wako?"

Lilinichoma, kwa sababu si wangu. Lakini nikamwinua Yudith nikamfunga mgongoni kwa kanga yangu, mzito kama gunia, na mfungo wangu, nikatoka. Hilda akafuata nyuma akibubujikwa na maneno, na tulipofika zahanati alikuwa akibubujikwa na machozi.

Tulikaa kwenye benchi saa mbili nzima. Na hapo ndipo nilipoona. Kinyozi anavijua vichwa, uso si lazima. Mbele yangu kulikuwa na kichwa chenye bonde juu ya sikio: wangu. Cha pembeni kile kirefu nyuma, ambacho mashine hukwama: wangu. Wale mapacha wenye mizunguko miwili miwili ya nywele utosini: wangu. Vichwa tisa vyenye mapunye kwenye korido ile, na saba nilivinyoa mimi tarehe kumi na mbili Januari. Viwili tu sikuvijua. Mtume! Nilivihesabu mara tatu.

Tabibu anaitwa Tumsifu, dada mdogo mwenye miwani, haraka hana. Alimshika Yudith kichwa kwa mikono miwili kama anashika yai.

"Hili si jipu, msilipasue," alimwambia Hilda. "Ni fangasi, mapunye haya haya, mwili umepigana nayo hadi pakavimba. Ukikata utamwachia kovu lisiloota nywele maisha yake yote."

"Nimempaka kila kitu," Hilda alisema.

"Ndiyo tatizo. Hii fangasi imeingia kwenye shina la nywele, ndani. Vitunguu na krimu vinabaki juu. Atameza vidonge, kila siku, wiki sita mpaka nane, baada ya chakula chenye mafuta. Maziwa, au karanga. Nywele zikianza kuota mtataka kuacha. Msiache. Rudini niangalie kwanza."

"Ni uchafu, dokta? Namuogesha kila siku."

"Si uchafu, mama. Mtoto wa waziri anapata. Inahama kwa vitu vinavyogusa vichwa: kofia, chanuo, taulo, mashine ya kunyolea, brashi. Na wengine wanayo wala haionekani."

Brashi.

Sikusikia tena alichosema kwa muda. Nilikuwa najisuta: spiriti kila kichwa, Mwanne, spiriti kila kichwa, na baada ya spiriti unachukua brashi isiyooshwa mwaka na nusu unampaka kila mtoto mapunye ya aliyemtangulia. Na jioni unajipaka mwenyewe.

Hilda alipotoka kuchukua dawa nilibaki mlangoni. Nikafungua ushungi kidogo. Tumsifu akatazama. "Umepaka krimu ya mchanganyiko," alisema, si kwa kuuliza. "Inatuliza muwasho huku fangasi inasambaa chini kwa chini. Iache kabisa. Hii yako ni ya ngozi tu, krimu ya fangasi inatosha, asubuhi na jioni, na ikipotea endelea wiki mbili. Umeipata wapi, bibi?"

Nikasema sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeiosha brashi. Sabuni, maji ya moto, halafu nikaona haitoshi, nikaitia kwenye jiko la mkaa. Nywele zake zilinuka kama nywele zozote zinazoungua. Harufu ya poda haikutoka hata kidogo. Sijui ilikwisha lini, na mimi nilikuwa nanusa nini miezi yote hii.

Fremu sijafungua.

Jumamosi, 8 Machi

Sijasema.

Jumapili, 9 Machi

Yudith hana homa. Kameza kidonge na karanga, kajitapa kwamba hakukunja uso. Hilda aliniletea maziwa mgando kwenye kibuyu kwa ajili ya futari, akasema, "Bila wewe ningemkata mwanangu. Mungu akulipe." Kisha akakaa mkekani akanisubiri nifuturu. Hilda, Mkristo wa watu, akinywa uji wangu ili nisinywe peke yangu. Ni mara ya kwanza kufuturu na mtu tangu Athuman.

Sijasema.

Jumatano, 12 Machi

Hilda kaja tena, na Yudith. Mvua ilipiga bati hadi hatukusikilizana, tukacheka tu. Hilda akapaza sauti, "Yule mshenzi Elisha karudi kwao! Vyombo vyake vimetolewa, fremu wameweka mtu wa chipsi."

Nikamwongezea uji.

Ushungi siuvui hata nikiwa ndani. Nikitaka naweza kukaa nao mpaka duara lipone, na hakuna mtu Miyuji atakayejua. Elisha keshaondoka. Nikisema, nani atafaidi? Yeye harudishiwi fremu. Mimi nitapoteza wateja, na Hilda, na huyu mtoto. Nimepiga hesabu kila upande na kila upande inatoka hivyo hivyo. Kaa kimya, Mwanne.

Alhamisi, 13 Machi

Sijasema. Saumu gani hii. Tumbo nalinyima chakula mchana kutwa na ulimi unakaa na nyama ya mtu niliyemsingizia.

Jumapili, 16 Machi

Nimesema.

Hilda alipotoka kanisani nilimwita ndani, nikafunga mlango, nikavua ushungi. Duara limefifia lakini lipo. Alisogea akatazama, akaweka mkono mdomoni.

"Na wewe umeambukizwa, maskini."

"Sikuambukizwa na mtu. Mimi ndiye niliyewaambukiza. Ilikuwa brashi ya Athuman. Sikuwa naiosha."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza polepole: vichwa vya kwenye korido, maneno ya tabibu, jioni zangu na ile brashi. Nilimwambia pia la Elisha. Kwamba nilimtaja bila kujua lolote, kwa kuogopa macho ya wale wanawake.

Nilidhani atanipigia kelele kuhusu Yudith. Hakumtaja Yudith kabisa.

"Mimi nilimtukana yule kijana," alisema. "Kituoni. Alikuwa ameshika chapati, mpaka ikamwanguka. Nilimwambia mama yake alizaa uchafu. Kwa maneno yako, Mama Mudrick. Nilikuamini kama ninavyomwamini Mungu."

"Nisamehe."

"Umejua tangu siku ile ya zahanati?"

"Ndiyo."

"Na nimekunywa uji wako wiki nzima."

Akachukua kibuyu chake, akatoka. Wala hakubamiza mlango.

Jumanne, 18 Machi

Jana na leo nimekwenda nyumba kwa nyumba, nimetembea hadi miguu imevimba. Kila nyumba nasema maneno yale yale: ilikuwa brashi yangu, Elisha hana kosa, mpelekeni mtoto zahanati apewe vidonge, hata mdogo wake asiyeonekana na kitu akaangaliwe. Nilijiandaa kutukanwa. Wawili walinitukana, nikaona afadhali. Mmoja alinifungia mlango. Waliobaki, jamani! "Pole, Mama Mudrick." "Ajali kazini." "Watu wachache wangekiri." Mmoja akaniuliza nafungua lini, mwanawe ana nywele ndefu.

Nikamuuliza, na Elisha je? Akasema, "Elisha yupi?" Kisha, "Aah, yule. Si ameshaondoka?"

Jumapili, 23 Machi

Nafuturu peke yangu. Nasikia Yudith upande wa pili akihesabu vidonge kwa sauti. Hilda hajamkatisha dawa.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mudrick alipiga simu, mara hii tuliongea sana. Nilimsimulia. Akasema, "Mama, mdomo uliponza kichwa, ndiyo hivyo, yamekwisha. Njoo Mwanza." Nikamwambia hayajaisha. Nimepika pilau ya mtu mmoja, ambayo haipikiki, imebaki sufuria nusu. Sahani nilipeleka kwa Hilda. Alipokea, akasema asante, akarudisha sahani jioni ikiwa imeoshwa na tupu. Nyumba yao ina desturi, sahani hairudi tupu. Leo imerudi tupu.

Jumamosi, 5 Aprili

Yule fundi cherehani ana namba ya ndugu yake Elisha. Wako nje kidogo ya Kongwa. Sikupiga. Mambo mengine ukiyasema kwa simu mtu anaweza kukata.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimerudi sasa hivi, vumbi sijaoga.

Nilimkuta Elisha shambani kwa mjomba wake, anakata alizeti. Mvua zimekwisha, ardhi imeshaanza kupasuka. Amekonda zaidi. Aliponiona alitupa panga akaja mbio, akidhani nimeleta habari ya msiba.

"Shikamoo mama. Kuna mtoto amekufa?"

Jamani. Hilo ndilo la kwanza kuniuliza.

"Hakuna, baba. Wote wanapona." Tukakaa kwenye ukuta mfupi wa nyumba yao. Dada yake alileta maji ya kunywa, mtoto wake wa miezi kama tisa akitambaa nyuma yake na kichwa chake cheusi chenye vinywele laini. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yakapotea yote. Nikasema tu, "Yale mapunye nilikuwa mimi. Brashi yangu. Na aliyewaambia watu kwamba ni wewe, ni mimi pia. Uliponijia kuniomba ushauri nilikuwa nimeshakutaja."

Nilingoja matusi. Nilikuwa na haki nayo.

"Kwa hiyo si mimi?" alisema.

"Si wewe."

"Maana nilichemsha taulo, mama. Kila siku nilichemsha. Halafu wakasema ni mimi, mama mmoja akanionyesha kichwa cha mwanawe, nikasema basi itakuwa kuna kitu sijui kukifanya. Mashine yangu niliitumbukiza chooni isije ikamgusa mtu tena." Akatazama mikono yake, utomvu wa alizeti umeganda kwenye vidole. "Huyu mtoto wa dada sijambeba tangu nimerudi. Namwambia nimechoka na shamba. Naogopa nitamwambukiza."

Mimi nilikuwa nimelia mwezi mzima kwa kukosa mtu wa kufuturu naye, na kumbe kuna kijana wa watu Kongwa nimemfanya aiogope mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo si mimi?" aliuliza tena, safari hii akimtazama dada yake.

"Si wewe," nilisema. "Hata kidogo."

Nikamwambia fremu yangu ipo, na mashine ipo, arudi Miyuji aichukue yote, mimi nitafagia nywele. Sidhani hata kama alilisikia. Alikwenda kwenye ndoo akanawa, akasugua kwa mchanga, akanawa tena, akajifuta kwenye suruali. Kisha akageuka mara ya tatu. "Una hakika, mama?"

"Nina hakika, Elisha. Si wewe."

Akainama, akamwinua mtoto, akamlaza begani na kiganja chake chote kikamfunika kisogo. Alisimama hivyo akinipa mgongo. Hakusema amenisamehe, na hakunitazama tena. Dada yake ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani.